Nyumba imejaa wasaidizi na mtoto anapungua kilo: uchambuzi wa kisa cha mzazi wa siku 8

Mtoto wa kike, siku 8, kazaliwa na kilo 3.1, mizani yetu inasoma 2.76. Hakuletwa kwa sababu ya uzito lakini. Kaletwa kwa sababu analia usiku kucha, bibi yake anasema ni chango, na kuna neno lingine lilikuwa linazunguka kwenye hiyo nyumba ambalo hakuna aliyelitamka mbele yangu mpaka jioni nilipowafuata nyumbani. Naandika kisa hiki kwa urefu maana kila nikiwasimulia wenzangu wauguzi naona wanakimbilia jibu moja, "aah ndo mama wakwe hao", wanacheka, tunahamia stori nyingine, na mi kwa kweli sioni kama lilikuwa tatizo la mama mkwe. Majina sitaji na vitu vya kuwafanya watu wajulikane nimevigeuza.

Mzazi ana miaka 23, uzao wa kwanza, wamepanga chumba na sebule Tanga mjini, yeye ana genge la mboga na mume anaendesha bodaboda. Kliniki kahudhuria vizuri, presha haikumsumbua, kajifungua kwa njia ya kawaida hospitali moja kubwa, kachanika kidogo kashonwa, kesho yake karuhusiwa. Wodi siku hiyo ilikuwa imefurika, wazazi wawili kitanda kimoja na watoto wao. Kwenye kadi imeandikwa "ananyonya vizuri". Nikamuuliza, mdogo wangu, kuna nesi yeyote alikaa na wewe akamwangalia mtoto toka anashika ziwa mpaka anaachia? Akasema hapana, walipita wakauliza ananyonya, nikasema ndio, wakaandika wakaenda. Na kweli alikuwa ananyonya, kwa maana ya kwamba mdomo ulikuwa kwenye titi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka mzazi aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, alafu aonwe tena angalau mara 3, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Sasa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka huohuo hapa Tanzania ulikuta wanaojifungulia kituoni wamefika asilimia 81, ila waliopimwa afya zao ndani ya siku 2 baada ya kujifungua ni asilimia 51. Huyu wetu ni wa hapo katikati. Alitakiwa arudi siku ya 3, hakurudi, kwa sababu mama mkwe alishafika toka Handeni na mzazi kwa utaratibu wa pale hatoki nje hovyo kabla ya arobaini, upepo, macho ya watu, mambo yanajulikana. Na siku ya 3 ndo hasa maziwa yanashuka kwa wingi, matiti yanajaa mpaka yanakuwa magumu, machozi nayo yanakuja yenyewe bila kuitwa, yani siku ambayo mzazi anamhitaji nesi kuliko zote ndo siku ambayo yuko ndani na mlango umefungwa.

Tulivyompima. Mama joto 36.9, presha nzuri, damu inatoka kidogo na haina harufu, mfuko wa uzazi unarudi vizuri, wingi wa damu 9.6 ambayo ni pungufu, na dawa za kuongeza damu alizopewa kaziacha kwenye mkoba maana zinamtia kichefuchefu. Chuchu zote mbili zimechubuka, ya kushoto ina ufa unaotoa damu. Tumboni chini ya kitovu kuna bakabaka jekundu la kuungua, nikaelewa hapo hapo ni maji ya kukandwa, sikusema kitu kwanza. Mtoto joto 36.7, anapumua kawaida, ana nguvu za kulia za kutosha, kitovu kikavu na hakijapakwa kitu, hana degedege wala kifua kuingia ndani. Umanjano kidogo sana machoni. Ila mdomo mkavu mkavu, kinyesi bado cha kijani wakati siku hii kilitakiwa kiwe njano ya haradali tayari, na kwenye nepi kuna doa la rangi ya machungwa ambalo bibi alidhani ni damu, kumbe ni mkojo uliokolea kwa kukosa maji ya kutosha mwilini.

Mtoto kupungua siku za mwanzo ni kawaida, anapoteza mpaka asilimia 7 hivi, ikifika 10 unaanza kuhangaika, alafu anarudisha uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 mpaka ya 14. Huyu kapungua gramu 340, kama asilimia 11, na siku ya 8 alitakiwa awe ameshageuka anapanda. Nikampeleka kwa daktari wa zamu, sukari ikapimwa ikawa nzuri, akaangaliwa kama kuna dalili za maambukizi hakuna, daktari akasema nesi hii ni kazi yako, ila kesho kutwa namtaka tena kwenye mizani, na akilegea au akigoma kunyonya hata kama ni usiku wa manane aletwe.

Kosa moja tunalofanya sana kliniki ni kuuliza "unampa maziwa ya mama tu?" Hilo swali lina jibu moja tu duniani, ndio nesi. Nani atakwambia hapana mbele ya bango la miezi 6 ya maziwa ya mama tu? Mi siku hizi nauliza hivi: jana, toka magharibi mpaka alfajiri, mtoto alikuwa mikononi mwa nani na alipewa nini. Hapo watu wanasimulia, na wakisimulia wanasema kweli bila hata kujua wamesema. Bibi akasimulia kwa fahari kabisa, maana alikuwa anajua anafanya kazi nzuri. Saa 3 usiku anamchukua mjukuu ili mkwewe apumzike, kajifungua juzi huyo, damu imemtoka. Mtoto akilia anampa maji ya glukosi ya vuguvugu kwa kijiko. Saa 8 za usiku akizidi kulia anapewa graipu wota. Alfajiri anamrudisha kwa mama yake. Mchana mtoto analala sana, wanasema kanyonya, nikihesabu nao inakuja mara 5, labda 6 kwa siku nzima. Mtoto wa umri huu anatakiwa 8 mpaka 12.

Sasa unganisha. Mtoto anashika chuchu peke yake badala ya kuingiza na ile sehemu nyeusi inayoizunguka, kwa hiyo anakamua kidogo na anachubua sana. Mama anaumia, anamtoa baada ya dakika 3, anasema ameshiba. Hajashiba, analia, bibi anamsaidia kwa kumpa maji. Maji yanajaza tumbo bila kumpa kitu cha kukua nacho, analala, hanyonyi. Na maziwa yanatengenezwa kadri yanavyotolewa, ziwa likikaa limejaa mwili unapokea taarifa kwamba hayahitajiki mengi, unapunguza, na usiku ndo ule homoni wa kutengeneza maziwa unapanda kuliko mchana, sasa usiku ndo titi lilikuwa limepewa likizo. Siku ya 8 mzazi anasema sina maziwa, na anaanza kuwa kweli hana. Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja. Kila mtu nyumba ile alikuwa anasaidia, na kila msaada ulikuwa unamtoa mtoto kwenye ziwa. Hiyo ndo hoja yangu yote kwenye kisa hiki.

Pale kliniki nilikaa nao manyonyo mawili kamili. Mtoto tumbo kwa tumbo na mama, kichwa na mgongo mstari mmoja, pua inatazama chuchu, unasubiri afunue mdomo kama anapiga miayo ndo unamleta kwenye titi, usipeleke titi kwa mtoto. Mara ya kwanza akashika vibaya, mama akakunja uso, nikamwambia ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo mtoe tuanze tena usivumilie. Mara ya tatu akashika. Kimya kikaingia, taya linashuka chini, kituo kidogo, unasikia "keh" ya kumeza. Mama akaniangalia akasema, haiumi. Baada ya hapo akakamua kwa mkono kwenye kikombe, ikapatikana mililita 25, mtoto akazinywa kwa kikombe kilekile taratibu. Sikutaka chupa, chuchu ya chupa ingemvuruga tena na kuiosha vizuri nyumba yenye bomba moja la nje ni kazi nyingine.

Wapo wenzangu wangempa maziwa ya kopo siku hiyo hiyo, na sibishani nao kwa hasira, mtoto akiwa anahitaji chakula anapewa chakula, huwezi kumwacha adhoofu kwa sababu ya kanuni. Lakini hapa maziwa yalikuwepo, nimeyaona kwenye kikombe, na uzito tulikuwa tunaupima tena baada ya siku 2. Alafu kopo la gramu 400 halifiki wiki kwa mtoto anayekula hilo tu, na kwenye nyumba ya bodaboda na genge ukilianzisha unajua kabisa mwisho wake, wataanza kulipunguza kijiko kijiko wakijaza maji.

Jioni hiyo hiyo nikaenda nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa ule. Hawa wahudumu toka mpango wao jumuishi uzinduliwe 2024 tumeanza kuwategemea sana kwa mambo haya, maana mlango ambao mi nabisha hodi mara tatu yeye anaingia tu, "wenyewe mpo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni, pale pale kwenye mkeka."

Mtoto kalala, mzazi kalala, mume hayupo. Nikauliza baba yuko kazini? Bibi akanyamaza. Mhudumu akaniangalia. Alafu bibi akasogea karibu akashusha sauti akasema, "Nesi mwanangu, mi sitaki kuvunja nyumba ya mwanangu mwenyewe. Lakini mtoto huyu kabemendwa. Muangalie miguu hiyo."

Kwa asiyejua, kubemenda ni kwamba baba au mama katoka nje ya ndoa, au wenyewe wamekutana kabla ya wakati, akaja kumshika mtoto, na mtoto anadhoofu, anaharisha, miguu inalegea. Jirani mmoja alishawahi kumuona baba mtoto usiku kampakia mwanamke kwenye pikipiki, jambo la ajabu kweli kwa bodaboda hilo, na wifi yake mzazi akaongezea, na kufikia siku ya 6 kijana wa watu kaambiwa asimguse mtoto mpaka mambo yatakapotengenezwa. Kaenda kulala kwa kaka yake. Kumbe siku 5 za mwanzo yeye ndo alikuwa anachota maji, anafua nepi akirudi kazini, anamshika mtoto mama aoge. Yani wamemtoa mtu aliyekuwa anafanya kazi, wamebaki na lawama. Na mzazi analala mle ndani akijua mtoto wake anapungua, na kwamba ama mume wake ni malaya ama watu watasema ni yeye. Ukiwa na chuchu zinatoka damu na hilo kichwani hayo maziwa yatatiririka vipi, maana hata ule homoni wa kuyasukuma yatoke unazuiliwa na hofu na maumivu.

Kosa rahisi hapo lingekuwa kusema "mama hizo ni imani potofu". Nimeshaona manesi wakisema, na najua kinachofuata, unaitikiwa ndio ndio, unaagwa vizuri mpaka barabarani, na dawa inaletwa jioni. Imani hii ina akili yake pia, kwa miaka mingi ndo iliyowafanya watu waachanishe watoto kabla hakujawa na sindano wala vijiti vya uzazi wa mpango, mama apumzike kabla ya mimba nyingine. Kwa hiyo sikuigusa. Nikamwambia bibi, mama, wewe umelea wangapi? Sita. Uliwahi kuona aliyebemendwa akanenepa bila dawa kwa siku 2? Akasema haiwezekani. Nikasema basi nipe siku 2, tumpime mbele yako, asipoongezeka tutakaa tena na hayo mengine tuyasikie. Ila siku hizi 2 tufanye hivi ninavyoomba. Akafikiria. Akasema sawa, siku 2 si nyingi.

Hapo nilikuwa nimejitega kidogo nakiri, kwa sababu mtoto angeweza kupanda taratibu kuliko nilivyotaka. Ila nilishamuona akimeza, nilikuwa na imani na hilo.

Kilichobadilika nyumba ile si ushauri, ni zamu. Nilimwachia bibi kazi yake ya usiku vilevile, maana kumnyang'anya ingekuwa kumwambia hana maana pale, ila kazi ikageuzwa. Mtoto akianza kuchezesha mdomo na kunyonya ngumi, kabla hajalia, bibi anamleta kwa mama, anamsaidia kumuweka, anakaa pembeni, akimaliza anamchukua kumcheulisha, anambadilisha nepi, anamlaza. Mama anaamka kunyonyesha tu, mengine yote hayamhusu. Na mwanzo wa usiku, baada ya nyonyo la saa 2, mama analala mfululizo mpaka mtoto atakapodai tena, simu inazimwa na wageni wanarudishwa mlangoni. Maziwa anayokamua kabla ya kulala yanakuwa kwenye kikombe yamefunikwa, hayo ndo ya kijiko badala ya glukosi.

Bibi hasomi, kwa hiyo ile karatasi yetu ya kujaza mara ngapi kanyonya mara ngapi kakojoa nikairudisha kwenye begi. Mhudumu ndo akatoa wazo, akaomba punje za mahindi na vikombe viwili vya bati. Kila mtoto akinyonya punje kikombe cha kulia, kila nepi ikilowa punje kikombe cha kushoto, asubuhi tunahesabu wote. Nepi 6 zilizolowa kwa saa 24 ndo tunazozitaka, mkojo mweupe. Siku ya kwanza zikawa 4. Ya pili 7, na bibi alikuwa ananipigia simu mwenyewe kunisomea hesabu.

La kukandwa nalo niliingia kwa mlango wa pembeni. Maji yalikuwa yanachemka kabisa, khanga inachovywa inapigwa tumboni asubuhi na jioni ili damu chafu itoke na tumbo lirudi. Nikamuuliza mzazi, ukinyonyesha tumbo linakukata chini ya kitovu? Akasema sana, nilidhani ni ugonjwa. Nikamwambia bibi, sikia hiyo, mtoto akinyonya vizuri ndo anamkanda mama yake kwa ndani, mfuko unajikunja, damu inatoka yenyewe. Akacheka akasema kwa hiyo huyu mdogo ndo mkandaji? Kukanda hakuacha, nisidanganye, ila maji yakawa ya uvuguvugu ya kuoga na lile baka halikupata jingine. Kwangu hiyo ilitosha.

Baba alikuwa anatusubiri nje ya geti na pikipiki imezimwa, hajathubutu kuingia. "Sista, mi sijafanya kitu," hata salamu hakutoa. Nikamwambia sijakuuliza kitu baba, kesho kutwa asubuhi wewe ndo utawaleta kliniki, na wewe ndo utamweka mtoto kwenye mizani.

Siku ya 10, kilo 2.82. Gramu 60 ndani ya siku 2. Kwa mizani ni kidogo ila kwa ile familia ilikuwa hukumu ya mahakama, bibi akaangalia ile namba nikamsomea, akamwangalia mwanawe, hakusema samahani, kwa umri wake na cheo chake hasemi, akamwambia tu "mshike mwanao vizuri shingo hiyo". Usiku huo kijana akalala kwake. Neno bemenda sikulisikia tena, na mi sikulifufua.

Ningependa kuishia hapo lakini kisa hakikuishia hapo. Siku ya 14 mtoto yuko 2.98, anapanda vizuri, chuchu zimepona kwa kupaka maziwa yake mwenyewe na kuziacha zikauke, kila mtu anafurahi, na mama hafurahi. Anaongea vizuri, anaitikia, ila uso umezimika. Machozi ya siku ya 3 mpaka ya 5 hata ya siku ya 8 sisi tunayategemea, wazazi wengi wanayapata na yanaisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yakivuka hapo hujiambii tena ni uchovu. Shida ni kumpata peke yake, nyumba ya chumba na sebule mwezi wa kwanza mzazi hayuko peke yake hata dakika 5. Njia ninayoitumia ni kusema nakagua mshono. Hapo mlango unafungwa na hakuna anayeuliza, hata bibi anatoka.

Nikamsomea maswali ya Edinburgh ya kupima huzuni ya mzazi, yale 10 yaliyotengenezwa Scotland miaka ya 80, kwa Kiswahili cha kawaida cha kuongea, taratibu. Alama 13 kati ya 30. Kwa wengi 13 ndo mstari wa kusema huyu inawezekana ana sonona ya baada ya kujifungua, si kipimo cha kutoa jina la ugonjwa ila ni cha kukufanya ukae chini. Swali la 10 ndo linauliza kama ndani ya siku 7 zilizopita amefikiria kujidhuru, na hilo hata jumla iwe ndogo namna gani akisema ndio unashughulika naye siku hiyo hiyo. Akasema hapana, kabisa. Nikamuuliza pia kama anasikia sauti au anaona vitu wengine hawavioni, kama anahisi mtoto si wake, maana ile kali ya kuchanganyikiwa ni chache, mmoja au wawili kati ya wazazi 1,000, lakini ni dharura. Hakuna. Alafu akasema kitu, hata sikumuuliza: "Dada, wote walikuwa wanamwangalia mtoto miguu, mi nilikuwa najiangalia mikono, nawaza mikono hii imefanya nini."

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Dawa za damu tukazirudisha, anameza usiku baada ya chakula kichefuchefu kikapungua, maana mtu mwenye damu 9.6 hata akiwa na raha ataonekana ana huzuni. Mhudumu akawa anampitia kila wiki kumsikiliza yeye, mtoto baadaye. Baba akaambiwa dalili za hatari kwa maneno yake, halali hata mtoto akilala, anasema bora nisingekuwepo, anamuogopa mtoto, na kwamba hizo haziombewi ruhusa kwa mtu, unawasha pikipiki unamleta. Tukakubaliana kama wiki ya 4 alama hazijashuka anaenda kwa muuguzi wa afya ya akili hospitali, na nilishaongea naye kabla ili asiende kuanza foleni upya. Wiki ya 4 alikuwa na 9, mtoto 3.45. Wiki ya 6 alama 6, mtoto 3.98, na wingi wa damu umepanda mpaka 11.2.

Sijui kama ni kunyonyesha kusiko na maumivu kulikomsaidia, au mume kurudi, au damu, au siku tu kupita. Vyote vilikuja pamoja huwezi kuvitenganisha. Ninachojua ni kwamba kama tungehesabu kilo peke yake siku ya 14 tungempiga muhuri "hali nzuri" tukamwaga.

Wiki ya 6 bibi alikuwa anajiandaa kurudi Handeni na ndo aliyeuliza swali la uzazi wa mpango, kwa namna yake, "sasa nesi hawa wakae mbali mpaka lini?" Nikamwambia mambo mawili. Kwamba kama mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila kitu kingine, na hedhi haijarudi, uwezekano wa mimba ni chini ya 2 kati ya 100. Na kwamba ushauri ni kusubiri angalau miezi 24 toka kujifungua ndo ashike mimba nyingine. Akatikisa kichwa akasema si ndo yale yale tuliyokuwa tunayasema sisi. Ndo yale yale mama. Mzazi mwenyewe akachagua kijiti cha miaka 3, akasema njia ya kunyonyesha anaiamini ila anaamini zaidi kwamba genge litamtoa nyumbani.

Na hilo genge ndo limebaki. Aliyeajiriwa sheria inampa likizo ya uzazi siku 84, pacha 100, mume siku 3, na saa 2 kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Mwenye genge anampa nani? Hela ya akiba iliisha wiki ya 5, bodaboda peke yake haitoshi kodi. Mpango tuliotoka nao ni kwamba anaanza nusu siku, saa 12 mpaka saa 5 asubuhi ambapo wateja ndo wengi, mtoto anabaki na binti wa wifi yake, wifi yule yule, na baba anampitisha mtoto gengeni saa 3 katikati ya abiria anyonye. Maziwa ya kukamua yanaachwa kwenye kikombe chenye mfuniko ndani ya ndoo ya maji baridi, hayapitishi muda wa saa 4 toka yakamuliwe kwa joto la Tanga. Binti kafundishwa kunywesha kwa kikombe, nimemwona akifanya, mkono bado unamtetemeka kidogo ila hamwagi. Miadi yao inayofuata ni ya chanjo wiki hii, na nimemwambia mhudumu apite gengeni kabla, aone kama saa 3 baba anafika kweli.